Besi Kati ya Magunia ya Mchele

Nimeacha kazi mwezi uliopita, na tayari watatu kati yenu wamenipigia simu kuniuliza nilikuwa nafanyaje besi ikatikisa mabati bila kumzamisha mwimbaji. Wa nne alikuja mwenyewe hapa Bondeni na mkungu wa ndizi. Huyo nilimjibu kwa kirefu. Ninyi wengine nawaandikia, mara moja tu, maana mimi hurudia hesabu, maneno sirudii.

Sababu ya kuacha ni sikio la kulia. Limeanza kunipa habari tofauti na la kushoto, na mashahidi wawili wakipingana, hakimu mwenye akili anafunga faili. Sina kinyongo. Masikio haya yamekaa mbele ya spika tangu enzi za kanda. Nalala vizuri, nakula wali wa Kyela, na wimbo ukipita barabarani nauacha upite bila kuutafutia makosa. Karibu kila wimbo.

Kwa asiyeijua kazi hii: prodyuza wa Mbeya, wa Tukuyu, mara nyingine wa Dar, alikuwa ananitumia wimbo wenye kila kitu isipokuwa chini. Ngoma zipo, vinanda vipo, mwimbaji yupo, lakini wimbo unaelea kama jani. Kazi yangu ilikuwa kuutengenezea besi kwa sintesaiza, kinanda cha umeme cha kuundia sauti, kutoka wimbi tupu lisilo na maana hadi kitu kinachompiga mtu kifuani. Jina langu halitajwi kwenye wimbo wowote. Mwimbaji humtaja prodyuza, prodyuza humtaja Mungu, na orodha inaishia hapo.

Nilianza kwa kuuza kanda sokoni. Siku moja mteja alinirudishia kanda akisema haina besi. Nikamwambia kanda ina besi, redio yake ndiyo haina. Akaniambia tuipige kwenye yangu. Tukaipiga, nayo haikuwa nayo. Nikashindwa ubishi mbele ya watu, jambo ambalo kwa muuza kanda ni msiba wa siku tatu. Nikaibeba redio yangu hadi kwa Fundi Shaaban.

Fundi Shaaban alikuwa mtu wa Tanga. Serikali ilimleta Kyela kutengeneza mitambo ya redio, muda wake wa utumishi ukaisha, akabaki. Yeye alisema alibaki kwa ajili ya mchele. Mkewe alisema ni uvivu wa kufunga mizigo.

"Ugonile, fundi," nikamsalimia.

"Ndaga, ugonile," akajibu bila kuinua kichwa. Kinyakyusa chake kiliishia hapo, miaka yote. "Redio imefanya nini?"

"Haina besi."

"Nani kakwambia redio ina besi? Spika yenyewe upana wa kiganja. Besi ni tembo, binti. Utamwingizaje tembo kwenye kiberiti?"

"Kwa hiyo haitengenezeki."

"Sijasema hivyo. Tembo haingii. Nyayo zake zinaingia. Na mtu akiona nyayo, anajua tembo kapita."

Sikuelewa hata kidogo. Nilielewa tu kwamba anajua kitu nisichokijua, na hapo nikaanza kupatana. Nikamwambia nitamchotea maji na kumfagilia kibanda mwezi mmoja, naye anionyeshe hizo nyayo. Akataka miezi mitatu. Tukakubaliana miwili. Nikakaa miaka sita.

Kibandani alikuwa na sintesaiza nyeusi aliyoitoa kwenye bendi iliyovunjika. Ilikuwa na funguo thelathini na saba, nne zimekufa. Nilizihesabu mara mbili nikimsubiri amalize chai. Siku ya kwanza ya masomo ilikuwa ufunguo mmoja. Akaniwekea wimbi linaloitwa la msumeno, kwa sababu likichorwa linafanana na meno ya msumeno, akaniambia nibonyeze ufunguo wa chini kabisa ulio hai na nisiguse kingine. Ulikwaruza kama mtu anayeburuta kitanda cha chuma. Akaenda kuswali adhuhuri, akarudi, akanikuta bado nimebonyeza na meno yananiuma. Akashika kitufe kimoja cha kuzungusha akakirudisha nyuma polepole. Mkwaruzo ukaanza kuondoka, wa juu kwanza, kisha wa kati, hadi ikabaki sauti nene, laini, iliyokuja kukaa nasi kwenye benchi.

"Umeongeza nini?" nikauliza.

"Sijaongeza. Nimechuja. Besi haiongezwi, binti, inabakizwa."

Ninyi mnaoanza kazi kwa kupandisha kila kitufe hadi mwisho, isomeni tena sentensi hiyo. Nitawasubiri.

Somo jingine lilitoka kwenye kibuyu. Wacheza malipenga walivuka kutoka ng'ambo ya mto Songwe kuja kwenye sherehe, na vile vibuyu vyao wanavyoviimbia badala ya tarumbeta. Fundi akaomba kimoja, akakipata, akakipasua, jambo lililoniudhi kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko vyombo vyangu vya ndani. Akanionyesha tundu dogo ubavuni, limezibwa kwa utando mweupe wa buibui. Mtu akiimba ndani, utando unatetemeka, na sauti moja inatoka ikiwa na ndugu zake kumi. Ndiyo sababu malipenga husikika mbali na hayana umeme.

"Sauti safi ya chini ni tamu, lakini haisafiri," akasema. "Ichafue. Kwa kipimo. Iote meno."

Tangu hapo nimefanya kazi kwa maneno mawili. Besi ina tumbo na ina meno. Tumbo ni kule chini kabisa, unakokusikia kwa mbavu zaidi kuliko kwa masikio, na hutoka kwenye spika kubwa tu. Meno ni ule mchafuko wa juu yake, ambao hata simu ndogo inaweza kuutoa. Sikio likisikia meno yaliyopangika vizuri, linajitengenezea tumbo lenyewe, bila kuombwa. Mtu atakuapia amesikia kitu ambacho spika yake haijawahi kukitoa. Nimefanya biashara nyingi mjini hapa, lakini sijaona nyingine ambayo mteja anajaziliza mzigo mwenyewe na kuondoka akishukuru.

La tatu lilihusu kiki, yaani ule mdundo wa ngoma kubwa ya chini. Kiki na besi hukaa mahali pamoja, na wanaoanza hupandisha mmoja, kisha mwenzake, kisha wa kwanza tena, kama majirani wanaogombea mpaka wa shamba la mpunga. Fundi aliniambia wawili hawapiti mlango mmoja kwa pamoja. Kiki ikipiga, besi iiname kidogo, ipite nyuma yake. Kiinamo kifupi, msikilizaji asikione. Adabu ya namna hiyo ndiyo inayofanya wimbo upumue.

Fundi alirudi Tanga uzee ulipomlazimisha kufunga mizigo. Aliniachia ile sintesaiza. Nilipoihesabu nikakuta funguo tano zimekufa. Nikampigia simu.

"Wa tano ni wako," akasema, akakata.

Nikahamia kwenye kompyuta kama kila mtu. Sintesaiza zikawa picha kwenye kioo, na funguo zake hazifi mmoja mmoja tena, zinangoja umeme ukatike zife zote kwa pamoja. Ila kompyuta inataka chumba, na chumba cha besi si chumba chochote. Nilipata pembe ya ghala la Mama Subi.

Mama Subi ni mfanyabiashara wa mchele, mwanamke mpana, mpole hadi pale bei inapotajwa.

"Unataka chumba cha nini?" akaniuliza.

"Kazi ya sauti."

"Sauti gani?"

"Nzito."

"Nzito kiasi gani?"

"Utaizoea, mama."

"Sijakuuliza kama nitaizoea."

Tulipatana asubuhi nzima. Mwisho wake nikakubali kumrekodia tangazo la mchele wake la kupigwa siku za soko, na kulinda funguo za ghala Jumapili akiwa kanisani, na kuhesabu magunia kila yanapoingia na kutoka, kwa sababu aligundua haraka kwamba mimi huhesabu hata bila kuambiwa. Sharti la nne lilikuja wiki ya pili. Mteja kutoka Ipinda alikuwa anapimiwa mchele pale mbele, nami nyuma najaribu besi mpya. Mshale wa mizani ukaanza kucheza.

"Mama, mizani yako inacheza!" mteja akapiga kelele. "Mnatuibia hivi hivi mchana kweupe!"

"Inacheza kwa sababu ya huyo mwendawazimu wa nyuma!"

Mteja akaja nyuma kuhakikisha kwamba mwendawazimu yupo. Nikamsalimia. Akaridhika, akarudi kununua. Tangu siku hiyo, mizani ikiwa na mzigo, mimi nilikaa kimya. Naweza kusema bila aibu kwamba nidhamu yangu ya kupumzisha masikio, ambayo baadhi yenu huisifu, ilitoka kwa mizani ya mchele.

Sasa nije kwenye kosa. Pembe yangu ilikuwa na kuta mbili za saruji, na pande zilizobaki ni magunia yaliyopangwa hadi karibu na dari. Kwa miaka mingi nilikiona ni chumba bora kuliko vyote Kyela. Hakina mwangwi, kinanukia vizuri, na panya wake wananenepa hivyo hawagusi nyaya. Lakini kulikuwa na prodyuza mmoja wa Mbeya, mtu wa maneno, aliyezoea kunipigia simu.

"Dada Tumpe, mwezi wa saba besi zako zimeshiba. Mwezi wa pili zina njaa. Kwani wewe unakula nini huko?"

Nilimwambia spika zake zina homa ya vipindi. Nikacheka, nikakata simu, nikaridhika na nafsi yangu. Mtu anayehesabu kila kitu mara mbili alikuwa ameambiwa jawabu bure, akalirudisha.

Ndipo akaja Atupele.

Atupele alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu kutoka Makwale, mtoto wa Mzee Gwakisa mwenye mashamba ya kakao. Alikuwa na wimbo mmoja, wa kasi, unaoimbwa kwa Kiswahili na kiitikio cha Kinyakyusa, kuhusu mtu aliyeahidi kuja, mvua ikaja badala yake. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ngumu, kama waya. Mkono wake wa kulia ulikuwa na sugu za reki.

"Baba ameweka sharti mbele ya baba zangu wadogo wawili," akaniambia. "Wimbo upigwe kwenye sherehe ya harusi ya kaka yangu, Ipinda. Watu wakiinuka wakacheza, naenda mjini kuimba na hakuna wa kuninyima baraka. Wakikaa, narudi kwenye kakao na muziki nisiutaje tena nyumbani."

"Nawe ukakubali?"

"Ningekataa, ningekuwa nimeshindwa siku ile ile. Hivi nina wiki mbili."

Mtu anayepatana hivyo namheshimu. Nikauchukua wimbo wake.

Nilifanya kazi siku tisa. Nilichukua mawimbi mawili ya msumeno, nikayaachanisha kidogo sana yakawa yanasuguana, nikayachuja, chini yake nikaweka wimbi laini la kubeba tumbo. Kila kitu kwa utaratibu. Lakini kila asubuhi nikifungua kompyuta, tumbo nililisikia dogo. Nikaongeza. Kesho yake bado dogo. Nikaongeza. Mavuno yalikuwa yameingia, na ghala lilikuwa limejaa magunia mia mbili na kumi na mawili. Nililijua hilo vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeyahesabu.

Siku ya sherehe, Ipinda, dijei alileta spika kubwa nne. Wimbo ulipoanza, watu waligeuka, wengine wakaanza kusogeza viti. Kisha besi ikaingia.

Sijui nieleze vipi. Haikuwa besi, ilikuwa mafuriko. Glasi za soda zikaanza kutembea mezani. Mdomo wa Atupele kwenye kipaza sauti ulikuwa unafunguka na kufungika na hakuna neno lililotufikia. Bibi mmoja mstari wa mbele akaziba masikio. Halafu amplifaya ikajizima yenyewe, kukawa kimya, na katika ule ukimya shangazi wa bwana harusi akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mashine ya kukoboa imekwama?"

Watu wote wakacheka, wakiwa wamekaa.

Mzee Gwakisa hakucheka. Alisimama, akajipangusa suruali, akawaambia wadogo zake, "Mmesikia. Yameisha," akaenda kupakua chakula.

Atupele alinifuata nyuma ya turubai. Angelia ningepata nafuu.

"Dada Tumpe, sauti yangu ilikuwa mle ndani?"

"Ilikuwemo."

"Basi iliingia ikafungiwa."

Nilirudi Bondeni siku hiyo hiyo nikiwa tayari kumlaumu dijei. Nikakuta lori la wanunuzi limeondoka asubuhi, na ghala ni karibu tupu. Yalibaki magunia kumi na tisa. Nikahesabu tena, kumi na tisa. Nikauwasha wimbo ule ule, kwenye spika zile zile, sauti ile ile. Zile kuta za saruji zikanguruma. Mama Subi akatokea mlangoni ameshika kichwa.

"Gwe Tumpe, umebadilisha nini?"

"Mimi sijabadilisha kitu, mama. Wewe ndiye umeuza."

Mchele unameza besi. Magunia mia mbili na kumi na mawili yalikuwa yanakula tumbo la wimbo wangu kila siku, nami kila siku naliongezea chakula. Nikatoa daftari la kazi za miaka yote. Nyimbo za baada ya mavuno zote zilikuwa nzito kupita kiasi. Nyimbo za masika, ghala likiwa tupu na kuta zikinguruma zenyewe, zote nilizipunguza hadi zikakonda. Yule wa Mbeya alikuwa amesikia hesabu ya mchele wa Kyela kwenye besi zangu bila kufika Kyela. Nilimpigia simu nikamwomba radhi. Akanifanya nirudie mara mbili ili mkewe asikie.

Kwa hiyo, ninyi vijana, kabla ya kuuliza nilitumia sintesaiza gani, ulizeni chumba kilikuwa na nini. Tangu siku ile kila kazi yangu ina idadi ya magunia pembeni ya jina, na hakuna besi niliyoiachia bila kuisikiliza kwanza sehemu tatu nje ya ghala. Mnaokaa vyumba vyenye magodoro ukutani msinicheke. Godoro ni gunia lililosoma.

Lakini mimi kujifunza hakukumsaidia Atupele. Yeye alikuwa amerudi kwenye kakao. Sharti lilikuwa limesemwa mbele ya wazee, na neno la namna ile halitanguki kwa mtu kuja kusema samahani. Hata hivyo nilikwenda Makwale. Nilimkuta Mzee Gwakisa uani, amekaa kando ya vichanja vya kuanikia kakao, redio ndogo ya sola begani mwake.

"Karibu, fundi wa ngurumo," akasema. "Umekuja kubomoa na huku?"

"Nimekuja kupatana, Baba Atupele."

"Mimi siuzi kitu. Unapatana nini?"

"Nisikilize kwanza. Ukipeleka mpunga wako mashineni, mizani ikawa mbovu, utasema mpunga wako mbaya?"

"Nitasema mwenye mizani ni mwizi."

"Basi mwizi ni mimi. Mpunga hauna kosa."

Akanitazama. Nikamweleza habari ya ghala, magunia, lori, kuta. Nilimweleza yote bila kujipunguzia hata gunia moja. Alisikiliza kama anavyosikiliza mnunuzi wa kakao anayelalamikia unyevu.

"Kwa hiyo siku ile waliukataa mchele wa Mama Subi, si mwanangu."

"Ndiyo, baba."

"Na nitajuaje kwamba mizani yako imepona?"

"Chagua wewe. Mahali, saa, spika, watu. Mimi sitagusa kitu."

Hapo nilifanya kosa ambalo mtu mzoefu wa soko hafanyi. Nilimwachia mwenzangu kalamu. Mzee Gwakisa akaishusha redio begani akaiweka juu ya kichanja. Spika yake ilikuwa ndogo kuliko kisahani cha chai, na ilikuwa imepasuka pembeni.

"Spika ni hii," akasema. "Mahali ni hapa. Watu ni akina mama watakaokuja Alhamisi kugeuza kakao. Wasiambiwe ni wimbo wa nani, na sharti ni lile lile. Siku ile ulikuja na makabati manne hatukusikia mtoto. Sasa nataka nimsikie mtoto, na hiyo besi yako nzito niisikie humu."

"Humu?"

"Humu. Au unapunguza bei?"

Nikampa mkono.

Nilikuwa na siku nne. Nilivunja besi yote nikaanza upya ndani ya ghala tupu. Wimbi laini la tumbo nikalibakiza, lakini kidogo, kwa heshima ya spika kubwa za siku zijazo. Kazi yote niliiweka kwenye meno. Niliyachafua mawimbi ya msumeno kwa kipimo, nikasikiliza kwenye simu ya Mama Subi, nikapunguza, nikaenda kwa kinyozi wa jirani nikasikiliza kwenye redio yake, nikaongeza kidogo, nikarudi. Nikatoboa nafasi katikati ya besi pale sauti ya Atupele inapokaa, mahali pa waya mwembamba kupita. Nikaiinamisha besi kwenye kila kiki, na zaidi kidogo kwenye kila neno la mwanzo wa mstari. Siku ya tatu kinyozi alikuwa anamnyoa mtu, nikaona mashine yake inaenda kwa mdundo. Mteja ndiye aliyelalamika.

Alhamisi nilifika Makwale na wimbo kwenye flashi. Akina mama walikuwa kumi na mmoja, wamegawana vichanja, kila mmoja na reki ya mbao, wanageuza mbegu za kakao ili zikauke sawasawa. Atupele alikuwa wa kumi na mbili, upande wa mwisho, reki mkononi, macho chini. Baba yake alikuwa amemkataza kusema neno. Mzee Gwakisa mwenyewe alichomeka flashi, akawasha, akarudi kwenye kiti chake akakunja mikono.

Wimbo ukaanza. Hakuna aliyeinua kichwa. Akina mama waliendelea na habari zao za mgonjwa fulani wa Ipinda ambaye hakuwa mgonjwa. Sauti ya Atupele ikatoka, nyembamba na safi, kila neno. Besi ikaingia chini yake, kwenye kisahani kile kilichopasuka.

Hawakucheza. Niseme wazi. Hakuna hata mmoja aliyecheza. Wimbo ukafika katikati, ukafika kiitikio cha pili, na wao wanageuza kakao.

"Wamesimama kazini tu," Mzee Gwakisa akanong'ona, bila furaha. "Sharti lilikuwa kucheza."

"Sharti lilikuwa waguswe na wimbo."

"Kucheza. Nilisema kucheza."

"Baba Atupele," nikamwambia, "acha kutazama miguu. Tazama reki."

Akatazama. Reki kumi na moja zilikuwa zinakwenda pamoja. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, na kila besi ilipoinama, reki zote zilikuwa zinarudi. Hakuna aliyewaambia. Nilizihesabu, kisha nikazihesabu tena kwa sababu ya mazoea na kwa sababu nilitaka kuziona tena. Mama mmoja alikuwa ameanza kuitikia kiitikio puani, mwingine akakidaka. Ile habari ya mgonjwa ilikuwa imekatika na hakuna aliyeikumbuka. Reki ya kumi na mbili, ya Atupele, ndiyo pekee iliyokuwa imesimama.

Wimbo ukaisha. Reki zikaenda mara mbili zaidi bila muziki, kisha zikapoteana.

"Eh, Baba Atupele," mmoja wao akaita, "umeuzima wa nini? Upande huu bado!"

Mzee Gwakisa aliinuka akaenda kwenye vichanja. Alipitisha kiganja juu ya kakao, akaangalia jua, akaangalia vichanja vilivyobaki. Kazi ya kawaida ya robo saa ilikuwa imekwisha ndani ya wimbo mmoja, na kilikuwa kimebaki kichanja kimoja na nusu. Akasimama pale muda mrefu kwa mtu asiyeuza kitu. Kisha akarudi kwenye redio, akaurudisha wimbo mwanzo, akauwasha. Reki zikaanza.

Akaenda hadi upande wa mwisho, akanyoosha mkono, na Atupele akampa reki, akidhani amekosea kitu.

"Kajiandae," baba yake akamwambia, huku ameanza kugeuza. "Baba zako wadogo nitawaambia mimi."

Atupele alisimama mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Nikaenda kuchomoa flashi, maana kazi ilikuwa imekwisha na flashi ilikuwa yangu, na ndani yake kulikuwa na kazi zangu nyingine saba. Mzee Gwakisa hakugeuka hata.

"Yeye aende," akasema. "Hiyo ibaki."

Nilifungua mdomo kupatana. Kisha nikaufunga, nikaenda kumsaidia Atupele kutafuta begi.